Somo la Ufundi: Kufunga Upya Nyaya za Ufunguo na Swichi za Usukani kwenye Pikipiki za Nyikani

Pikipiki ya nyikani, ambayo wengi huiita skrambla, hufika mahali ambapo gari hugeuza na kurudi. Humbeba afisa wa mifugo hadi zizini na muuguzi na sanduku lake la chanjo hadi zahanati ya mbali. Msimu wa masika, barabara za udongo zinapogeuka tope, ndiyo tegemeo la wakaazi wengi wa Ganze, Magarini na Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi. Pikipiki hizi zinapokwama njiani, mara nyingi injini huwa haina kosa lolote. Kilichoharibika huwa ni waya mwembamba kama njiti ya kiberiti, ulio chini ya ufunguo au ndani ya swichi ya usukani.

Hitilafu hiyo inaweza kurekebishwa kwa mita ya umeme ya bei nafuu, saa chache za utulivu na mchoro wa kalamu kwenye karatasi. Ikishughulikiwa kwa pupa, inaweza kuteketeza nyaya zote za pikipiki kwa sekunde chache, au kumwachia mwenyewe injini isiyozimika.

Ufunguo uliotoka kwenye pikipiki nyingine

Chukua mfano ambao mafundi wengi wa kaunti hii watautambua mara moja. Afisa wa mifugo anafika gereji ya kando ya barabara ya Mariakani kwenda Bamba, akisukuma Yamaha DT iliyotumika miaka mingi. Ufunguo unazunguka bila kushika, na umeme hupita tu akiukandamiza kwa kidole gumba.

"Daktari, hii swichi imekwisha," fundi anamwambia. "Ya Yamaha hapa hatupati, lakini ya bodaboda iko."

"Itaingia?"

"Nyaya ni nne kwa nne. Itaingia."

Swichi ya bodaboda iliyotengenezwa China ina waya mwekundu, mweusi, mweusi wenye mstari mweupe, na wa kijani. Fundi anakata koneta ya zamani. Anaunganisha mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, na wenye mstari kwa wenye mstari. Wa kijani hauna mwenzake, kwa hivyo anaufunga tepu. Upande wa pikipiki kunabaki waya wa kahawia usio na mwenyewe, nao anaukunja kando. Ufunguo unazungushwa na fyuzi inakatika. Anaweka nyingine, nayo inakatika. Mara ya tatu anaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, na moshi unaanza kutoka chini ya tangi la mafuta.

Kila hatua aliyochukua ilionekana kuwa sawa. Aliponzwa na kuamini rangi.

Pikipiki nyingi za China hufuata mpangilio wa rangi wa Honda. Katika mpangilio huo, mwekundu ni moto unaotoka kwenye betri moja kwa moja, mweusi ni moto unaopatikana baada ya ufunguo kufunguliwa, na wa kijani ni waya wa bodi, ambao mafundi huuita pia athi. Yamaha ina desturi yake. Mwekundu ni moto wa betri vilevile, lakini moto wa baada ya ufunguo hupita kwenye waya wa kahawia, na mweusi ndio waya wa bodi. Kwa hivyo fundi alipounganisha mweusi kwa mweusi, alimwagiza ufunguo achukue moto wa betri na kuupeleka kwenye bodi bila taa wala honi ya kuupunguza njiani. Fyuzi ilifanya kazi yake mara mbili. Mara ya tatu haikuwepo.

Swichi ileile ya bodaboda ingeweza kutumika kwenye Yamaha hiyo bila shida. Mwekundu uende kwa mwekundu, mweusi wa swichi uende kwa kahawia wa pikipiki, wenye mstari mweupe ubaki na wenye mstari mweupe, na wa kijani wa swichi uende kwa mweusi wa pikipiki. Ni nyaya zilezile nne, kwa mpangilio uliothibitishwa kwa mita.

Hata jedwali hilo la rangi lichukuliwe kama dokezo tu. Pikipiki kutoka India, kama vile Bajaj na TVS, zina utaratibu wao. Na pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watatu inaweza kukosa hata rangi moja ya kuaminika, kwa sababu kila mmoja alitumia waya uliokuwa karibu siku hiyo.

Injini huzimwa kwa njia mbili

Kabla ya kugusa koleo, fundi anahitaji kujua pikipiki iliyo mbele yake huzimwa vipi. Zipo njia mbili, na moja ni kinyume kabisa cha nyingine.

Kwenye njia ya kwanza, injini hujitengenezea umeme wa cheche kutoka kwa koili iliyo chini ya sumaku. Umeme huo huingia kwenye kisanduku cha CDI bila kupitia betri. Ndiyo maana skrambla nyingi za zamani huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa au imetolewa kabisa. Hapo ufunguo hauipi injini umeme. Kazi yake ni kuinyima. Ukiwekwa OFF, unaunganisha waya wa kuzimia, ambao kwa kawaida ni mweusi wenye mstari mweupe, na waya wa bodi. Umeme wa cheche unamwagika kwenye bodi, plagi inakosa cheche, na injini inanyamaza. Ukiwekwa ON, nyaya hizo mbili zinaachana.

Kwenye njia ya pili, cheche hutokana na betri. Moto unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, ufunguo na kitufe chekundu cha kulia, kisha unafika kwenye CDI au koili. Ukikata popote kwenye safari hiyo, injini inazimika.

Matokeo ya waya kukatika, basi, hutegemea njia. Kwenye pikipiki ya betri, waya ukikatika injini haiwaki, na mwenyewe anasukuma hadi nyumbani. Kwenye pikipiki ya sumaku, waya wa kuzimia ukikatika injini inawaka vizuri, lakini haisikii tena ufunguo. Waya huohuo ukichubuka na kugusa fremu, cheche inapotea kabisa, na fundi asiyejua atabadilisha plagi, koili na CDI kabla ya kufikiria swichi.

Kuna mtego mwingine. Kwenye baadhi ya Honda zinazotumia betri, waya mweusi wenye mstari mweupe ndio unaobeba moto wa volti 12 kutoka kwa kitufe chekundu kwenda kwenye mfumo wa cheche. Kwenye pikipiki ya sumaku, waya wa rangi hiyohiyo ni wa kuzimia, na haufai kuguswa na moto wa betri hata kwa majaribio. Wapo mafundi ambao hujaribu kila waya kwa kuugusisha kwenye betri ili waone kitakachowaka. Kwa waya huu, jaribio hilo linaweza kuua CDI iliyokuwa nzima, na bei ya CDI ni mara nyingi zaidi ya bei ya swichi.

Kitufe chekundu cha kuzimia injini nacho huuzwa kwa aina mbili zinazofanana kwa macho. Cha pikipiki ya sumaku huunganisha kikiwa OFF. Cha pikipiki ya betri huunganisha kikiwa RUN. Kikifungwa kisicho chake, injini itawaka tu kitufe kikiwa OFF, na mwenyewe atazoea hivyo hadi siku atakayoanguka kwenye mchanga, mguu umebanwa chini ya ekzosi, mafuta yamekwama wazi na gurudumu la nyuma linazunguka. Wakati huo huwa amebakiwa na kidole gumba kimoja, na kitakwenda kule alikofundishwa na maandishi.

Kutambua njia ni rahisi. Koneta ya ufunguo ichomolewe na mita iwekwe kwenye mlio. Ufunguo ukiwa OFF, kila jozi ya nyaya za swichi ijaribiwe, kisha jambo hilohilo lirudiwe ukiwa ON. Swichi ya pikipiki ya sumaku yenye nyaya nne itatoa mlio kwenye jozi moja ikiwa OFF na kwenye jozi nyingine ikiwa ON. Swichi ya betri yenye nyaya mbili italia ikiwa ON pekee. Matokeo yaandikwe hapohapo. Ikiwa swichi ya zamani imekufa kabisa na haitoi jibu, upande wa pikipiki utasema: waya wa kuzimia ukifuatwa kwa mlio utaishia kwenye koneta ya CDI, ilhali waya wa bodi utalia ukiguswa na fremu mahali pasipo na rangi.

Duka la spea nalo lina nafasi ya jaribio hili. Mteja anayekwenda na mita mfukoni anaweza kuipima swichi mpya juu ya kaunta kabla ya kulipa. Wenye maduka wengi hawakatai, na anayekataa amekwisha kujibu swali.

Kutafuta waya ulipokatikia

Kazi huanza kwa kutoa waya hasi wa betri. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu kunatoka cheche kubwa karibu na tangi la mafuta. Baada ya hapo, kila koneta ipigwe picha kwa simu kabla haijachomolewa, na kila waya ufungwe kipande cha tepu nyeupe chenye nambari. Mafundi wazoefu huona hatua hii kuwa ya kitoto. Ndio haohao ambao saa kumi jioni hubaki na nyaya mbili mkononi wakikumbuka.

Shaba hukatika zaidi shingoni, pale usukani unapokutana na fremu, kwa sababu hapo nyaya hukunjwa kila mara usukani unapogeuzwa. Ganda la plastiki huweza kubaki zima huku nyuzi za ndani zimekatika zote isipokuwa mbili. Waya wa namna hii hudanganya, kwa kuwa ukipimwa usukani ukiwa umenyooka utalia. Kwa hivyo mita iunganishwe ncha zote mbili za waya, kisha usukani ugeuzwe polepole kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Mlio ukikatika hata mara moja, waya huo ubadilishwe. Dalili za barabarani husema jambo hilohilo: taa inayozimika kwenye kona ya kushoto, honi inayolia yenyewe pikipiki ikiegeshwa, au injini inayokohoa usukani ukipinda.

Mlio peke yake hautoshi kwa ufunguo na kwa taa. Uzi mmoja wa shaba unatosha kutoa mlio, lakini hauwezi kubeba taa ya wati 35. Kipimo kinachofaa hapa ni kile kinachochukuliwa umeme ukiwa unapita. Betri irudishwe, ufunguo ufunguliwe na breki ikanyagwe ili taa ya nyuma iwake. Mita iwekwe kwenye volti, ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya unaotoka kwenye ufunguo. Usomaji uliozidi nusu volti unaonyesha kwamba umeme unapotelea njiani, kwenye vidole vya swichi, koneta au kishikizo cha fyuzi. Ncha ya mita ikisogezwa hatua kwa hatua, mahali pa upotevu patajitokeza.

Ukanda wa pwani una adui wake. Pikipiki inayolala Mambrui, Gongoni au Watamu huvuta hewa ya chumvi usiku kucha, na chumvi hiyo hugeuza shaba kuwa unga wa kijani ndani ya swichi na hata chini ya ganda la waya. Risasi haishiki kwenye shaba ya namna hiyo, na kiungo kilichokazwa juu yake hakidumu. Waya ukatwe kurudi nyuma hadi shaba ing'ae. Wakati mwingine hilo humaanisha kukata kipande kirefu kama kiganja na kuunganisha kipya. Swichi ambayo vidole vyake havijaliwa sana inaweza kuokolewa: ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, kwa maana ndani mna springi na tufe dogo la chuma vinavyoruka, isuguliwe taratibu kwa msasa laini, ifutwe kwa spiriti na kupakwa grisi kidogo ya silikoni. Petroli haifai kwa kazi hii. Hulainisha baadhi ya plastiki, na mvuke wake haupaswi kuwa karibu na swichi inayojaribiwa.

Upande wa bara, Ganze na Bamba, adui ni vumbi, na baada ya vumbi ni mashine ya kuoshea yenye nguvu. Maji yanayopigwa moja kwa moja kwenye ufunguo hupeleka vumbi ndani na kulifanya udongo.

Swichi za usukani

Swichi ya kushoto ndiyo yenye kazi nyingi: taa, fulu na dimu, indiketa na honi. Hapa pia rangi hugongana. Kwa mpangilio wa Honda, fulu ni waya wa samawati na dimu ni mweupe. Kwa Yamaha, fulu ni njano na dimu ni kijani. Msomaji atakumbuka kuwa kijani cha Honda ni bodi. Anayeunganisha kijani kwa kijani baina ya pikipiki hizo mbili anaipeleka dimu yake ardhini. Indiketa ya kushoto ni rangi ya chungwa kwa Honda na kahawia iliyokolea kwa Yamaha. Ya kulia ni samawati hafifu kwa Honda na kijani kilichokolea kwa Yamaha.

Kabla ya kuunganisha taa ya mbele, fundi aulize umeme wake unatoka wapi. Kwenye skrambla nyingi ndogo, taa hiyo hailishwi na betri. Hulishwa na koili ya injini kupitia kidhibiti cha volti, na ndiyo sababu mwanga wake hufifia injini ikiwa chini na kung'aa mafuta yakiongezwa. Umeme huo ni wa kupishana, na haupaswi kuunganishwa na waya wowote wa betri ndani ya swichi. Wakaazi wengine, kwa kuchoshwa na mwanga hafifu, huomba taa ihamishiwe kwenye betri. Inawezekana, lakini hesabu ifanywe kwanza. Balbu ya wati 35 kwenye volti 12 hula karibu ampea 3. Kama chaji ya pikipiki ni ndogo kuliko hapo, betri itakuwa imekwisha kabla ya safari ya usiku kukamilika, na kwenye pikipiki ya njia ya pili injini itazimika pamoja na taa.

Honi ina vituko vyake. Kwenye pikipiki nyingine kitufe hupeleka moto kwenye honi, na kwenye nyingine honi ina moto wakati wote ufunguo ukiwa wazi, na kitufe huipatia bodi tu. Ufunguo ukiwa ON, mita ipime volti kwenye vituo vyote viwili vya honi bila kubonyeza chochote. Kikipatikana chenye volti 12, kitufe ni cha bodi. Jambo hili huwapotosha wengi baada ya usukani kupakwa rangi au kubadilishwa, kwa sababu baadhi ya swichi hupata bodi kupitia chuma cha usukani wenyewe. Rangi mpya ikizuia, honi inakufa na swichi inalaumiwa bure. Dawa yake ni waya mmoja mwembamba kutoka kwenye mwili wa swichi hadi kwenye waya wa bodi wa pikipiki. Usukani ukae na rangi yake.

Indiketa zinazowaka bila kupepesa, au zinazopepesa haraka upande mmoja, kwa kawaida hazina hitilafu ya swichi. Balbu moja imeungua au imewekwa ya wati tofauti, au kipepesaji hakilingani na balbu za LED zilizoongezwa.

Waya wa kutumia na jinsi ya kuuunga

Waya wa nyumba haufai kwenye pikipiki, hata uwe mpya. Ule wenye shaba moja nene hukatika kwa mtikisiko, na kwenye barabara za mawe hauchukui muda. Waya wa gari wenye nyuzi nyingi laini ndio unaohitajika. Kwa waya mkuu mwekundu, wa ufunguo na wa taa ya mbele, unene wa milimita mraba 1 hadi 1.5 unatosha. Kwa indiketa, honi na taa ya nyuma, 0.75 inatosha. Fundi akinunua rangi nne au tano badala ya mkonga mmoja mweusi, atakayefuata miaka mitatu baadaye atamshukuru.

Kuhusu viungo, mafundi hugombana bila kuisha kati ya kulehemu kwa risasi na kubana kwa koleo. Kila upande una ukweli wake. Risasi hufanya kiungo kizuri mahali palipotulia, lakini huifanya shaba kuwa ngumu, na waya hukatika pale ugumu unapoishia. Kwa hivyo kusiwe na kiungo cha risasi kwenye shingo ya usukani. Ikiwezekana, kusiwe na kiungo cha aina yoyote hapo. Waya mmoja mzima utoke kwenye swichi hadi nyuma ya shingo, na viungo vikae chini ya tangi. Viungo visipangwe sambamba. Kila kimoja kipishane na mwenzake kwa upana wa vidole viwili, ili ganda likichakaa visigusane. Kila kiungo kivishwe mpira wa kujibana kwa joto. Tepu nyeusi pekee huyeyuka gundi kwenye jua la pwani na kufunguka.

Nyaya zipitishwe usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho upande ulio mbali, ili urefu utoshe. Kabla hazijaingia kwenye koneta, ziachwe zining'inie kidogo kwa chini, maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kuna jambo ambalo fundi asione haya kuliuliza kabla ya kuanza. Kubadilisha ufunguo na kuunga nyaya zake ndiyo kazi ileile anayoitaka mwizi wa pikipiki. Mteja mgeni aombwe kuonyesha cheti cha usajili, na nambari ya fremu ilinganishwe. Mwenye mali hakasiriki.

Na kwa vijana waliojifunza haya chini ya mwembe bila kukaa darasani, Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutahini ustadi wa ufundi kuanzia daraja la 3 hadi la 1. Mteja wa ofisi, anayetaka risiti na jina la fundi, huulizia karatasi hiyo.

Kurudisha umeme

Kabla fyuzi haijawekwa, balbu ya breki ya wati 21 iunganishwe kwa nyaya mbili fupi mahali pake. Ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na kingeiokoa ile Yamaha ya daktari wa mifugo. Ufunguo ukiwa OFF, balbu isiwake hata kidogo. Ikiwaka, kuna waya unaovuja. Ufunguo ukifunguliwa huku swichi nyingine zote zimezimwa, inaweza kutoa mwanga hafifu au isiwake. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, moto wa betri umefika kwenye bodi mahali fulani, na balbu ndiyo inayozuia moshi. Nyaya zichomolewe moja moja hadi mwanga ufifie, na wa mwisho kuchomolewa ndio wenye kosa. Balbu ikitulia, fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kishikizo chake ndiyo irudishwe, na si kubwa zaidi.

Injini iwashwe nje, mahali penye hewa, gia ikiwa huru. Izimwe kwa ufunguo. Iwashwe tena na kuzimwa kwa kitufe chekundu, mara tatu, na kila mara maandishi ya kitufe yalingane na kinachotokea. Kisha, injini ikinguruma taratibu, usukani ugeuzwe kutoka mwisho hadi mwisho huku taa, indiketa na honi zikijaribiwa moja baada ya nyingine. Injini isibadilishe sauti na taa isipepese. Fundi amkabidhi mwenyewe ile karatasi ya mchoro, ikunjwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa chini ya kiti pamoja na fyuzi ya akiba.